Mitego Miwili ya Paka-Dhahabu

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukinisikiliza. Kama uko safarini, Mungu akufikishe salama. Jioni hii nakuomba tuvuke pamoja Bahari ya Hindi, twende hadi misitu ya Asia, tukamtazame mnyama anayejua kujificha kuliko wengi. Anaitwa paka-dhahabu wa Asia.

Naanza na mtego. Mtego wenyewe ni kisanduku kidogo cha plastiki chenye rangi ya majani makavu, kimefungwa kwa mkanda kwenye shina la mti, usawa wa goti la mtu mzima. Ndani mna kamera, na kando ya kamera mna kifaa kinachohisi joto la mwili unaopita. Mtafiti hukitega pembeni ya njia ya wanyama, akaondoka, akarudi baada ya wiki kadhaa kuchukua kadi ya picha. Huketi na kuzipitia moja moja. Hapa jani limetikiswa na upepo. Hapa nguruwe mwitu na watoto wake. Hapa tena jani. Mara inatokea picha moja inayomfanya anyamaze: paka mkubwa mwekundu kama shaba iliyosuguliwa, ameinamisha kichwa, bega moja limeinuka chini ya ngozi, mkia umepinda kuelekea juu, na chini ya ncha yake mna weupe unaong'aa gizani kama karatasi. Anaifungua picha inayofuata. Njia tupu.

Mengi tunayoyajua leo juu ya paka-dhahabu yametoka kwenye visanduku vya namna hiyo. Watafiti huviita kamera za mtego, na jina hilo linafaa, kwa kuwa kweli humnasa mnyama. Humnasa kwa nukta moja, kisha humwachia aende zake, wala hajui kwamba amenaswa. Ila katika misitu hiyo hiyo, kwenye njia hizo hizo, mna mtego wa pili ambao hauachii. Nitaufikia. Kwanza tumjue mwenyewe.

Mfikirie paka wa nyumbani, yule anayelala karibu na jiko. Huyo ana kilo nne au tano. Paka-dhahabu wa Asia ana kilo tisa hadi kumi na sita, yaani mara mbili au tatu ya huyo wako. Kutoka puani hadi mwanzo wa mkia, aliye mkubwa hufikia mita moja, na mkia wake huongeza nusu mita nyingine. Amejengeka kwa nguvu, miguu mirefu, kifua kipana. Masikio ni mafupi ya mviringo, nyuma meusi yenye baka la kijivu. Lakini anayetaka kumtambua kwa hakika amtazame usoni. Mistari myeupe yenye kingo nyeusi hupita mashavuni, na mingine hupanda kutoka kona za ndani za macho kuelekea utosini, kama mtu aliyechorwa kwa chokaa kwa ajili ya ngoma. Mwili unaweza kuwa na rangi yoyote, kama nitakavyokueleza punde. Uso ule mara nyingi ndio humtaja.

Watu wanaoishi naye wamempa majina yao. Indonesia ni kucing emas, maana yake paka wa dhahabu. Thailand humwita suea fai. Neno suea hutumika kwa simbamarara na jamaa zake wakubwa, na fai ni moto, kwa hiyo ni kama kusema chui wa moto. Jina hilo limebeba imani. Katika baadhi ya sehemu za Thailand watu waliamini kwamba ukichoma manyoya ya paka huyu, moshi wake huwafukuza simbamarara. Wakaren, watu wa milima ya mpakani mwa Thailand na Myanmar, waliamini kwamba unywele mmoja tu wa paka huyu, mtu akiubeba mwilini, unatosha kumkinga. Hebu tafakari. Mtu anapita katika msitu wenye simbamarara mwenye kilo zaidi ya mia moja, na tumaini lake ameliweka kwenye unywele wa paka wa kilo kumi na tano. Wazee wale walimwona mnyama huyu kuwa na moyo mkubwa kuliko mwili wake.

Anaishi wapi? Eneo lake ni pana. Linaanzia kwenye miteremko ya Himalaya, Nepal na Bhutan, likapita kaskazini mashariki mwa India na Bangladesh, kisha Myanmar, Thailand, Laos, Kambodia, Vietnam na kusini mwa China, likashuka rasi ya Malaysia hadi kisiwa cha Sumatra. Borneo hayupo. Huko yuko ndugu yake mdogo, paka mwekundu wa Borneo, ambaye haishi kwingine kokote duniani. Paka-dhahabu hupenda msitu, hasa ule wenye unyevunyevu usiokauka majani mwaka mzima, lakini hukaa pia katika misitu inayopukutisha majani wakati wa kiangazi, na huonekana hata kwenye vichaka na nyasi zilizo wazi. Bhutan amepigwa picha kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,700 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, mwinuko huo ni karibu na kibanda cha Horombo, mahali ambapo mpandaji anavaa koti zito na kofia ya sufu. Paka huyo huyo Sumatra anatembea kwenye joto la msitu wa mvua karibu na ikweta.

Sasa tufike kwenye manyoya, kwa sababu hapo ndipo macho ya binadamu yamedanganyika kwa muda mrefu.

Jina linasema dhahabu, na wengi wao kweli ni wa dhahabu au wekundu wa mdalasini. Lakini wapo wa kijivu. Wapo weusi kabisa. Na wapo wenye madoa mwili mzima, kama chui. Katika baadhi ya sehemu za China weusi waliitwa chui wa wino, na wenye madoa wakaitwa chui wa ufuta. Jina hilo la pili litawaingia vizuri wasikilizaji wangu wa Lindi na Mtwara, wanaojua ufuta unavyoonekana ukimwagwa juu ya turubai. Mtu anayemwona wa dhahabu leo na wa ufuta kesho, nani atamlaumu akisema ameona wanyama wawili?

Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya kamera za mtego walizozifunga katika bonde la Dibang, jimbo la Arunachal Pradesh, kaskazini mashariki kabisa mwa India, karibu na mpaka wa China. Katika bonde hilo moja kamera zilikuta paka-dhahabu wa aina sita za rangi. Kulikuwa na wa dhahabu, wa mdalasini, wa kijivu, mweusi, na mwenye mabaka na mistari. Wa sita alikuwa na madoa ya duara yaliyosongamana, ambaye alikuwa hajaandikwa kokote kabla ya hapo. Mahali pengine pa kumwona paka wa mwituni wa jamii moja akiwa na mavazi mengi kiasi hicho palikuwa hapajaripotiwa duniani.

Kwa nini mnyama mmoja avae nguo sita? Wataalamu wanadhani jibu liko kwenye bonde lenyewe. Chini mna msitu mzito wa joto, katikati mna misitu inayofunikwa na ukungu, juu mna mawe na theluji. Mawindo nayo hubadilika, kuanzia ndege wakubwa wa jamii ya kuku-mwitu walio chini, hadi vinyama vidogo vya milimani vinavyofanana na sungura asiye na mkia. Mweusi hujificha vizuri usiku, wa kijivu hufanana na jiwe, na mwenye madoa hupotea katika kivuli cha majani yanayopenyeza jua. Kwa hiyo jamii moja huweza kugawana mlima bila kugombania kila hatua. Tofauti za rangi zimekuwa akiba yao.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza la macho: kumwona mnyama mmoja ukadhani ni wengi. Kosa la pili ni kinyume chake, na linatuhusu sisi wa huku.

Katika misitu ya bonde la Kongo, na mashariki hadi Bwindi na Kibale nchini Uganda, anaishi paka-dhahabu wa Afrika. Naye ana rangi ya dhahabu au ya kijivu, naye huweza kuwa mweusi, na mwili wake ni wa kimo hicho hicho. Ndiye paka pekee wa Afrika ambaye maisha yake yote yamefungwa na msitu. Mwaka 1827 mtaalamu wa Uholanzi aitwaye Coenraad Jacob Temminck, mkuu wa makumbusho ya viumbe ya mji wa Leiden, alimpa huyu wa Afrika jina lake la kisayansi. Na mwaka huo huo, wataalamu wawili, Nicholas Vigors na Thomas Horsfield, walimwandika yule wa Asia kutokana na mnyama wa Sumatra, wakampa jina la heshima la huyo huyo Temminck. Yaani paka wawili wa mabara mawili waliingia vitabuni mwaka mmoja, mmoja akiandikwa na Temminck na mwingine akiitwa kwa jina lake.

Basi, kwa miaka mingi wataalamu wengi waliwahesabu kuwa ndugu wa damu. Ukiweka ngozi zao mezani, ungekubaliana nao. Ilipokuja elimu ya vinasaba, ikasema vingine. Paka-dhahabu wa Afrika ni wa ukoo wa simbamangu na mondo, hawa hawa wa nyika zetu. Yule wa Asia ni wa ukoo wa paka wa Borneo niliyemtaja. Koo hizo mbili zilikwisha kuachana zaidi ya miaka milioni nane iliyopita. Wanafanana kwa sababu wameishi maisha yanayofanana, kila mmoja katika msitu wake, akinyemelea chini ya miti katika mwanga hafifu. Msitu wa Kongo na msitu wa Sumatra ni kama mafundi wawili wa mbao wasiofahamiana, kila mmoja amechonga kiti chake, na viti vikafanana kwa sababu mwili wa mkaaji ni ule ule.

Nimelisimulia hili kwa kirefu kwa sababu lina somo. Usilolijua ni usiku wa giza, walisema wahenga, na macho peke yake hayatoshi kuuondoa usiku huo.

Tumfuate sasa anavyoishi. Vitabu vya zamani viliandika kwamba ni mnyama wa usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti katika hifadhi ya Phu Khieo nchini Thailand waliwavisha paka-dhahabu wawili, dume na jike, mikanda ya shingoni yenye redio. Redio zikaeleza kwamba wanyama hao walitembea hata mchana kweupe, na zaidi wakati wa alfajiri na magharibi. Jike alitumia eneo la karibu kilomita za mraba 33. Dume alitumia karibu kilomita za mraba 48. Ili uone ukubwa huo, Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka kule Unguja, yote kwa jumla, ni kilomita za mraba 50. Dume mmoja wa paka-dhahabu alihitaji msitu unaokaribia Jozani nzima ili apate riziki yake.

Anaweza kupanda mti inapomlazimu, lakini maisha yake ni ya ardhini. Huwinda panya, ndege, nyoka na mijusi, na hukamata pia wanyama wakubwa kidogo kama paa wadogo wa Asia wanaobweka kama mbwa. Akipita huacha alama zake. Hunyunyiza mkojo, hukwaruza magogo kwa kucha, na husugua kichwa kwenye mashina, kama paka wako anavyojisugua kwenye miguu yako wakati wa chakula. Hunguruma, hulia nyau, hukoroma kwa raha akiwa ametulia. Sauti zake si ngeni kwa yeyote aliyefuga paka.

Jike hubeba mimba kwa takriban siku themanini, akazaa katika tundu la mti, mwanya wa miamba au shimo. Huzaa mtoto mmoja, pengine wawili, kwa nadra watatu. Mtoto huzaliwa na uzito wa robo kilo, macho yamefumba, na katika wiki nane za kwanza ukubwa wake huongezeka mara tatu. Jike hukomaa akiwa na miaka kama miwili. Zingatia hesabu hiyo, msikilizaji. Panya akipoteza watoto kumi leo, mwezi ujao ana wengine. Huyu akipoteza mtoto mmoja, amepoteza karibu kazi yote ya mwaka mzima.

Hapo ndipo tunaingia kwenye mtego wa pili.

Mtego huu ni rahisi kutengeneza kuliko ule wa kamera. Hutakiwi kuwa na pesa. Unachukua waya wa breki za pikipiki au baiskeli, unaufunga kitanzi, unaukaza kwenye mti mchanga uliopindwa hadi chini. Kitanzi unakilaza njiani na kukifunika majani. Mnyama akikanyaga, mti unafyatuka, waya unakaza mguuni au shingoni. Anavuta ili ajinasue, na kila anapovuta waya unazidi kuingia nyamani. Mtegaji huenda alikuwa anatafuta nguruwe mwitu au paa, auze nyama mjini ambako wapo wanaolipa vizuri kwa nyamapori. Waya hauulizi nani anapita. Kamera ina jicho moja, waya hauna hata hilo. Humkamata paa, humkamata nungunungu, humkamata paka-dhahabu mwenye mimba. Na mtegaji akisahau alipoutega au akihama, waya haujui kwamba mwenyewe ameondoka. Unaendelea kungoja.

Mwaka 2020 shirika la WWF lilitoa makadirio kwamba katika maeneo ya hifadhi ya nchi tatu tu, Kambodia, Laos na Vietnam, mna mitego ya namna hiyo ipatayo milioni 12.3. Askari wa wanyamapori huing'oa kwa maelfu, na kesho yake hukuta mingine. Katika misitu mingi ya huko miti bado imesimama. Ukiitazama kutoka angani utasema msitu u mzima. Ingia ndani usikilize, utakuta kimya.

Nchini Kambodia, simbamarara wa mwisho kujulikana porini alipigwa picha na kamera ya mtego mwaka 2007, mashariki mwa nchi. Kamera ziliendelea kufanya kazi yake. Miaka ikapita, picha nyingine haikuja. Mwaka 2016 wahifadhi wakatangaza kwamba simbamarara wa nchi ile amekwisha. Huyo alikuwa mnyama mkubwa, mwenye jina, ambaye dunia nzima inamjua. Paka-dhahabu akimalizika katika bonde fulani, nani atatangaza? Biashara ya kimataifa ya mnyama huyu imekatazwa chini ya mkataba wa CITES, kwenye orodha yake ya kwanza iliyo kali kuliko zote. Lakini waya ulioko njiani haujui kusoma mkataba.

Na pale ambapo hakuna waya, pana shoka. Sumatra imepoteza sehemu kubwa ya misitu yake ya tambarare, na sababu moja kubwa ni mashamba ya michikichi. Hapa, msikilizaji uliye jikoni, nakuomba ulitazame dumu la mafuta lililo karibu nawe. Mchikichi ni mti wa Afrika. Watu wa Kigoma na wa Kongo wamekamua mawese tangu enzi za mababu. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, na kufikia 1911 mashamba ya biashara yakaanzishwa Sumatra. Leo Indonesia na Malaysia hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya mawese ya dunia, na sehemu yake huvuka bahari na kurudi kwetu, yakashushwa Dar es Salaam na Mombasa, yakamiminwa kwenye vikaango vyetu. Mti ulitoka huku, ukaenda kuchukua nafasi ya msitu wa paka-dhahabu, na mafuta yake yakarudi kutukaangia samaki.

Simwambii mama mwenye watoto aache kununua mafuta. Ninachosema ni kwamba tusijidanganye kwamba misitu ile haituhusu. Na kwa kuwa sasa nasi tunahimizwa kupanda michikichi kwa wingi, Kigoma na kwingineko, tunayo nafasi ya kufanya kile ambacho Sumatra haikufanya. Tupande kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa, tusiufuate msitu.

Je, lipo tumaini? Lipo, na nimekwisha kukutajia mahali pake bila kukwambia. Bonde lile la Dibang, lenye paka wa rangi sita, ni nyumbani kwa watu wa kabila la Idu Mishmi. Kwa mila yao simbamarara ni ndugu wa binadamu, waliozaliwa na mama mmoja, na kumuua ni jambo zito kama kuua mtu. Miiko yao inawagusa wanyama wengine pia. Utajiri wa rangi ambao kamera ziliukuta pale ulikuwa umetunzwa na miiko ya watu muda mrefu kabla kisanduku cha kwanza hakijafungwa kwenye mti. Na huku kwetu, nchini Uganda, mwanasayansi Mwezi Badru Mugerwa na wenzake wa shirika la Embaka wanafanya kazi na wanavijiji wanaopakana na misitu, wakiwamo watu waliokuwa wakitega wanyama, ili kumlinda paka-dhahabu wa Afrika. Mtu anayezijua njia za wanyama kwa sababu aliwahi kuzitega, huyo huyo akizilinda, zinalindika.

Lakini imani ya watu hukata pande zote mbili, na sisi tunao ushahidi. Nimetaja Jozani. Kisiwa kile cha Unguja kilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara, mwenye madoa ya namna yake. Alihusishwa na uchawi, akasemekana anafugwa na watu wabaya, akawindwa. Leo wengi wanaamini kwamba amekwisha. Katika makumbusho ya Zanzibar yupo mmoja aliyejazwa, amesimama na macho yake ya kioo. Muulize mtu yeyote wa kisiwani, mzee au kijana, siku gani alikufa chui wa mwisho. Hakuna awezaye kukujibu. Mnyama anayeishi kwa kujificha hata kifo chake hujificha. Hatupewi siku ya kuomboleza.

Ndiyo maana nimeichukua jioni yako kumzungumzia paka wa mbali ambaye huenda mimi na wewe hatutamwona. Thamani ya kiumbe haipimwi kwa mara ngapi amepita mbele ya macho yetu. Macho yalidhani paka mmoja ni wengi, yakadhani paka wawili ni ndugu, na yanaweza pia kudhani kwamba msitu wenye miti ni msitu wenye uhai.

Tumrudie yule mtafiti na kadi yake ya picha. Ameiona ile ya paka mwekundu, amefungua inayofuata, njia tupu. Leo njia hiyo tupu ina maana kwamba paka amepita, yuko mbele kidogo, pengine amelala juu ya jiwe lenye jua. Msitu ukiachiwa waya, mtafiti atafungua kadi ile ile, kutoka mti ule ule, na atakuta njia tupu, na tena njia tupu, na jani likitikiswa na upepo. Kwa kuzitazama tu, picha hizo mbili zinafanana kabisa. Tofauti yake iko mikononi mwa watu, wa kule na wa huku.